Chakula chepesi cha jioni karibu na stesheni ya TAZARA Mbeya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Iyunga, na kwa miaka mingi nyumba yetu imekuwa kituo cha ndugu na marafiki wanaosubiri treni. Wengi hufika jioni, wamechoka na basi la Tukuyu au la Kyela, na swali lao la kwanza huwa moja: nile nini hapa kisichonilemea wala kumaliza hela ya safari? Haya ndiyo majibu ninayowapa. Bei nilizotaja ni makadirio ya mabanda ya kawaida. Uliza bei kabla hujapakuliwa.

Stesheni iko wapi hasa? Ukitoka mlangoni unakutana na chakula?

Iko Iyunga, upande wa magharibi wa jiji, jirani na barabara kuu iendayo Tunduma. Katikati ya mji ni mbali: kutoka Mwanjelwa, Kabwe au Sokomatola utapanda daladala au bajaji. Jengo ni kubwa, la miaka ya 1970, reli ya TAZARA ilipojengwa kwa msaada wa China kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Mgeni akiuona ukumbi ule mpana hudhani lazima nje pana safu ya migahawa. Hapana. Maisha ya pale yanafuata treni. Siku ya treni ya abiria utakuta akina mama na majiko yao ya mkaa, vijana wa mayai ya kuchemsha, karanga na maji, na mabanda yaliyofunguliwa mpaka giza liingie. Siku isiyo na treni pako kimya, na chakula itabidi ukifuate barabarani, kule daladala zinakosimama.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua treni yako inapita lini na saa ngapi. Ratiba hubadilika. Uliza stesheni asubuhi ya siku ya safari, kisha uulize tena mchana.

Mnaposema "chepesi" mna maana gani? Kidogo?

Wengi huchanganya hapa. Mtu anajinyima, anakula maandazi mawili makavu na soda, anajiona amekula chepesi. Saa tano usiku tumbo linamuuma kwa njaa, na soda imemjaza gesi.

Chepesi ninachokisema mimi ni chakula kinachoshuka tumboni mapema, chenye maji na joto, kisichoogelea kwenye mafuta. Mafuta mengi huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Ukila kuku wa kukaanga na chipsi kisha ukapanda kitandani behewani baada ya nusu saa, asidi hupanda kooni na usiku wote unageuka kiungulia. Afadhali ule saa mbili au tatu kabla ya kulala, na ule kilichochemshwa.

Kuna na suala la baridi. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya ukumbi wa stesheni usiku inapenya hadi kwenye mifupa, na anayetoka Dar na shati la mikono mifupi anateseka. Chakula cha moto hapa ni sehemu ya nguo.

Nina elfu tatu tu. Nitashiba?

Utashiba, ukiiacha nyama. Kwa pesa hiyo mama lishe anakupa sahani ya wali na maharage na mboga za majani, au ndizi za kupika, na unabaki na chenji ya chai. Ukiwa na elfu tano unaongeza supu au kipande cha samaki.

Na si lazima ununue sahani nzima. Watu wa hapa husema waziwazi: "Mama, nipimie wali wa buku," au "ugali nusu, mboga nyingi." Hakuna aibu. Mama lishe anapima kwa kijiko chake, na atafurahi zaidi ukisema mapema kuliko ukiacha nusu ya sahani. Mgeni anayeona haya kutaja kiasi ndiye anayelipa sahani nzima, anakula robo yake, na anaondoka na tumbo zito.

Hela iwe ndogondogo. Noti ya elfu kumi saa moja jioni inamhangaisha mwenye banda na wewe pia, maana atakimbia mabanda matatu kutafuta chenji huku wali wako ukipoa. Wengi sasa wanapokea malipo kwa simu, lakini uliza kabla ya kula.

Ukichagua kimoja tu, utamshauri mtu ale nini?

Ndizi.

Tuko jirani na Rungwe. Malori ya ndizi yanashuka kutoka Tukuyu hadi Mwanjelwa, na ndizi mbichi za kupika hapa si kitu cha sikukuu, ni chakula cha kila siku. Wanyakyusa huziita mbalaga. Zipo zinazopikwa na nyama, zipo za maharage, zipo za karanga. Kwa jioni ya safari mimi naomba zile zenye mchuzi mwingi: ndizi zimechemka na kitunguu, nyanya na karoti, pengine na kipande kimoja cha nyama ya mfupa kwa ajili ya ladha, mpaka zimelainika na mchuzi umekuwa mzito. Unakula kwa kijiko kutoka kwenye bakuli. Hazihitaji mafuta mengi, zinapasha mwili, na hata mtu mwenye jino bovu au mtoto wa miaka miwili anazimudu.

Namna ya kuomba nayo ina maana. Ukisema "ndizi nyama" utapewa sahani ya ndizi nzima na mapande ya nyama, chakula cha mchana cha mtu aliyebeba magunia. Sema: "Naomba ndizi kwenye bakuli, mchuzi uwe mwingi, nyama kidogo." Kama nyama ina mafuta yaliyoganda juu, mwombe ayaondoe. Mimi huongeza limao na kuacha pilipili, ingawa najua wengi wenu hamtanisikiliza kwa hilo la pilipili.

Ndizi zikiwa zimekwisha, omba viazi mviringo vya kuchemsha. Nyanda za Juu Kusini ndiko viazi vinakotoka, kuanzia Umalila na Uporoto hadi Njombe, na inasikitisha kwamba mgeni anavijua kwa sura ya chipsi peke yake. Kiazi kilichochemshwa na chumvi, na nusu ya parachichi pembeni, ni mlo kamili wa jioni. Nusu, si zima. Parachichi ni jema lakini lina mafuta yake, na hujaenda kulima.

Magimbi yakipatikana nayo ni mazuri, ila yawe yameiva kabisa. Gimbi lisiloiva linawasha koo.

Wali wa Kyela je? Nimeusikia tangu Dar.

Ule. Mchele wa Kyela unanukia ukiwa bado kwenye sufuria, na huku hujalipia usafiri wa kuufikisha Dar. Lakini uulize umepikwa saa ngapi. Mabanda mengi hupika kwa ajili ya mchana. Ule unaoukuta saa moja jioni unaweza kuwa wa saa tano asubuhi.

Jambo hili nalisema kwa uzito kwa sababu watu wanalipuuza. Wali uliopoa na kukaa saa nyingi kwenye joto la kawaida huota bakteria waitwao Bacillus cereus. Wanaacha sumu, na sumu ile haiondoki wali unapopashwa moto. Kwa hiyo moshi unaotoka kwenye sahani si ushahidi kwamba chakula ni salama. Wali uliokaa ndani ya hotipoti ukiwa na moto wa kutosha ni jambo jingine. Ule ulioachwa kwenye sufuria wazi tangu mchana, uache.

Sasa nitajuaje kwamba chakula ni cha jioni hii?

Tazama moto kabla ya kutazama chakula. Banda linalopika jioni lina jiko linalowaka, maganda mabichi kwenye ndoo, mtu anayemenya au kuosha mboga. Banda linalouza masalia lina jiko la majivu na sufuria zilizofunikwa kwa kanga.

Kisha uliza kwa heshima. Usiulize "hiki ni cha lini?" kana kwamba unamtuhumu mtu. Msalimie kwanza. Kama umri wake ni wa mama yako, shikamoo inatangulia kila kitu. Ukiwa unajua neno la Kinyakyusa, "ugonile" litakufungulia uso wake. Halafu sema: "Mama, kipi kimetoka jikoni sasa hivi?" Swali hilo linampa nafasi ya kukuelekeza kwenye kizuri bila kukisema vibaya kile kingine. Sijawahi kuona mama lishe akimdanganya mtu aliyeuliza hivyo.

Tazama pia wanaokula. Mahali wanapokula madereva wa bajaji na wabeba mizigo wa pale pale, chakula kinakwisha na kupikwa upya. Wao hawali mara moja na kuondoka kama wewe. Wakiugua leo, kesho hawarudi.

La mwisho ni maji ya kunawa. Ndoo yenye koki na sabuni pembeni inatosha. Beseni moja ambalo kila mtu amechovya vidole, pita. Omba kijiko ule kwa kijiko.

Chipsi mayai ndiyo rahisi zaidi kupata. Kuna ubaya gani?

Ni kweli, ukikosa kila kitu chipsi hutazikosa. Kijana wa chipsi hufunga wa mwisho. Lakini si mlo wa mtu anayekwenda kulala behewani. Mafuta ya jioni mara nyingi ni yale yaliyoanza asubuhi, na ukiyaona yamekuwa meusi na yanatoa povu, jua yamechoka.

Niliwahi kula zege, yaani chipsi mayai, la namna hiyo kwenye banda moja nikiwa na haraka, safari ya kwenda Mlimba. Nililala nimekaa, mto kifuani, mpaka kukapambazuka, na jirani yangu wa behewa akawa ananipa maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai. Tangu siku ile sijarudia.

Kama ni lazima, omba mayai mawili ya kuchemsha badala ya zege, na kachumbari iliyokatwa mbele yako. Mishkaki miwili ya nyama isiyo na mafuta, iliyoiva mpaka ndani, na ndizi ya kuchoma, huo pia ni mlo wa kuvumilika.

Nile mjini kwanza, au nije nile Iyunga?

Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati kuna chaguo kubwa zaidi, na jioni pamechangamka. Lakini barabara inayopita jiji ni hiyo hiyo ya malori ya Tunduma na Zambia, na jioni inajaa. Ndiyo maana inapanuliwa kuwa ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. Ukila mjini saa kumi na mbili ukidhani utafika Iyunga kwa robo saa, unaweza kuisikia honi ya treni ukiwa bado Nzovwe.

Ushauri wangu: pitia soko la Mwanjelwa mchana, nunua matunda na ndizi za kuiva, kisha njoo Iyunga mapema na ule cha moto huku huku. Njaa ya mtu aliyekwisha kufika ni tulivu. Bajaji mkubaliane nauli kabla hujaweka begi.

Treni ikichelewa hadi usiku wa manane?

Ule kwa awamu. Saa kumi na mbili na nusu pata bakuli lako la ndizi au viazi. Baki na kitu cha akiba: ndizi mbivu mbili, karanga za kukaanga, chapati moja. Usikae na njaa ukisubiri kula ndani, na usile mlo wa pili mzito saa nne kwa sababu ya kuchoka kukaa. Kuchoka na njaa vinafanana sana stesheni.

Chai ya tangawizi ndiyo rafiki wa kungoja. Chai yenyewe inalimwa hapo Rungwe, tangawizi inapasha, na kikombe kinakupa kitu cha kushika mikononi. Iwe ya rangi. Ya maziwa usiku inawasumbua baadhi ya watu. Kahawa iache kama unataka kulala, hata ikiwa ya Mbozi, ingawa naipenda.

Ukumbini kaa karibu na familia au akina mama wenye mizigo, begi likiwa miguuni. Kwenda kutafuta chakula nje baada ya saa nne, nendeni wawili au mtumie bajaji mnayoifahamu. Usitembee gizani kando ya reli ukiwa na simu mkononi, na reli yenyewe usiifanye njia ya mkato.

Ndani ya treni hakuna chakula?

Kipo. Treni ya masafa marefu huwa na behewa la chakula, na kawaida ni wali, ugali au chipsi, kwa kuku, nyama au samaki. Ni chakula cha kushibisha, na bei yake ni juu kuliko ya banda. Ukipanda usiku sana huenda jikoni wameshamaliza. Ndiyo maana nasisitiza ule kabla.

Njiani vituo vinauza dirishani: ndizi, mahindi ya kuchoma, mayai, miwa, wakati mwingine wali kwenye hotipoti. Kwa anayeelekea Dar, baada ya Makambako treni inateremka kupitia madaraja na mahandaki mpaka Mlimba, bonde la Kilombero, na huko joto linaanza. Chakula cha Mbeya kilichovumilia baridi usiku kucha hakitavumilia joto la Mlimba. Kilichobaki kimwage, nunua kipya.

Nikitaka kufungasha, kipi kinasafiri vizuri?

Kikavu kinasafiri, cha mchuzi hakisafiri. Viazi vya kuchemsha, magimbi, mihogo iliyochemshwa, mayai ambayo hayajamenywa, chapati, ndizi mbivu, machungwa. Mayai yamenye pale unapokula.

Njoo na chombo chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na si kila banda lina boksi la kufungia. Hotipoti ndogo ya kifuniko kizuri ni mali kubwa kwa msafiri wa reli: mwombe mama lishe aisuuze kwa maji ya moto kabla ya kuweka chakula, nacho kitabaki na moto kwa saa kadhaa. Na chupa ya chai. Ukiwa na vitu hivyo viwili umekuwa mwenye nyumba ndani ya behewa.

Maharage ni chakula kizuri, na ya Mbeya yana jina. Ila daraja la pili mnalala watu sita kwenye chumba kimoja. Afadhali uyale mchana.

Nina vidonda vya tumbo au kisukari. Nifanyeje?

Mwenye vidonda, ndizi zenye mchuzi usio na pilipili wala nyanya nyingi, au viazi vilivyopondwa na maziwa kidogo. Kahawa na soda kaa navyo mbali. Usilale na njaa.

Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano asithubutu kuruka mlo kwa sababu treni imechelewa. Sukari ikishuka usiku kwenye behewa lenye giza ni hatari. Kula kwa saa yako, si kwa saa ya treni. Chagua ugali wa dona nusu, mboga za majani nyingi, figiri, chainizi au mnafu, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Wali mweupe mwingi na ndizi mbivu nyingi vinapandisha sukari haraka, lakini mfukoni uwe na kitu kitamu cha dharura. Mwambie hata mtu mmoja uliye naye chumbani kwamba una kisukari. Mengine fuata ya daktari wako.

Na watoto?

Uji. Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, umeupika nyumbani au umemwomba mama lishe akuchemshie, ndio chakula cha jioni cha mtoto wa safari. Maziwa ya kununua yawe yamechemshwa; mgando mtamu wa barabarani uliogandishwa kwa maziwa mabichi unaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, nao unampata binadamu. Mama mjamzito na yeye ajihadhari na hilo.

Sili nguruwe. Nitapata pa kula?

Utapata. Kitimoto kinapendwa sana Mbeya na wanaokiuza hawakifichi. Shida ndogo iko kwenye majiko ya kuchomea: waya mmoja unaweza kuwa umechoma vyote. Uliza waziwazi, hakuna atakayekasirika. Njia rahisi zaidi ni kula kwa mama lishe wa wali na ndizi, ambaye mara nyingi hapiki nguruwe kabisa. Ukiwa umefunga Ramadhani, njoo na tende zako na uulize mapema nani atakuwa na uji na magimbi saa ya kufuturu.

Mimi naelekea Iringa. Hayo ya Mbeya yananihusu?

Yanakuhusu nusu. Reli haifiki Iringa mjini. Wanaokwenda huko kwa treni hushukia Makambako, pale reli na barabara kuu zinapokutana, kisha wanapanda basi kupitia Mafinga, mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Makambako pana upepo unaokata, usiku hasa. Ukishuka, usikimbilie basi na tumbo tupu. Tafuta chai ya moto na viazi vya kuchemsha au chapati, ukae ndani, upate nguvu. Salamu ya Wabena na Wahehe ni "kamwene". Itumie, hata kama hujui neno jingine.

Na kwa kuwa basi linapiga kona nyingi, wanaotapika safarini wale kidogo kuliko kawaida, wakae mbele, waache maziwa na mafuta.

Je, naweza kumwagiza mama lishe kabla sijafika?

Hili ndilo wageni hawalijui, na wenyeji ndivyo tunavyofanya. Ukipita Iyunga mchana, au ukiwa na ndugu wa karibu, chagua banda, kula hata chai, na umwombe mwenyewe namba yake. Jioni mpigie: "Mama, niko Mafiati, nibakizie ndizi bakuli moja, zisiwe na pilipili." Atakuwekea, amefunika kwa sahani nyingine, kando ya makaa. Siku treni imechelewa, yeye ndiye atakayekuambia mapema kuliko tangazo, kwa sababu amekwisha kuwauliza wafanyakazi wa stesheni ili ajue apike kiasi gani.

Ukiagiza, fika. Ukishindwa kufika, piga simu kabla ya saa mbili ili amuuzie mwingine, na kama umechelewa kupiga, mtumie hela yake kwa simu. Bakuli lile lilikuwa limepikwa kwa ajili yako, na ameliwekea mkaa kwa saa mbili.